Beseni la Simu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepinduliwa! Katika ua wangu mwenyewe, kwenye viti vyangu mwenyewe, na wapinduzi walikunywa chai yangu hadi tone la mwisho.

Jumamosi tunapokea wageni wa posa ya Joëlla. Joëlla ni binti wa marehemu dada yangu Daphrose. Baba yake naye alishatangulia. Nimemlea hapa Kanyosha, Bujumbura, tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Siku zile Daphrose amelala hospitali, aliniomba jambo moja tu: watakapokuja kumuomba binti yake, nisimame mimi, niseme mimi. Nikamwahidi. Na nani mwingine? Mimi Salvator ni msemaji wa gusaba, ndiyo posa kwa Kirundi, tangu enzi za mitungi ya bia na mirija mirefu. Sikuwahi kushika karatasi.

Leo baraza la familia limekaa. Callixte akaja na simu. Callixte ni shemeji, mdogo wake marehemu baba wa Joëlla, na ana kile kibanda cha zambarau cha kampuni ya Tambuka, anauza vocha na kila kitu kisichoshikika. Akasema kampuni ina huduma mpya, inaitwa Msemaji. Unabonyeza namba, mashine inakutungia hotuba ya posa kwa Kirundi safi. Akabonyeza. Akasoma mstari mmoja kuhusu ziwa na milima. Wakapiga makofi! Shangazi mmoja akafuta machozi, na hata posa haijafika.

Kumbe kuna zaidi. Kampuni itatoa hema na viti bure, mradi msemaji ataje jina la kampuni kwenye hotuba. Nikauliza kama Joëlla anaolewa au anazinduliwa sokoni. Hakuna aliyecheka. Badala yake wakanikumbusha posa ya jirani mwaka jana, eti nilizungumza mpaka bia ikapata joto, kisha nikamwita bwana harusi kwa jina la mchumba wa zamani wa bibi harusi. Kosa dogo! Wote wawili walikuwa wembamba.

Uamuzi: Callixte atasema. Mimi nimeteuliwa kuwa mshauri. Mshauri ni mtu aliyepewa kiti akanyimwa mikro.

Naandika haya kwenye daftari kwa sababu daftari haliombi nikubali masharti yake. Simu inasikiliza. Wiki iliyopita nilimwambia Léocadie, mke wangu, kwamba goti linauma. Jioni simu yake ikamletea tangazo la dawa ya magoti. Mimi nusu ya maisha yangu nilikuwa opereta wa simu, nachomeka waya na kuwaunganisha watu. Tulisikiliza pia, sikatai. Lakini tulisikiliza kwa adabu. Mtu akilia, tulilia naye kimyakimya. Nani aliwahi kuniona namuuzia dawa?

Jumanne, 5 Agosti

Ushindi unanukia.

Asubuhi nilienda kuomba kibali cha kupiga muziki Jumamosi. Dirishani wakaniambia siku hizi kibali kinaombwa kwenye mtandao. Nikauliza mtandao uko wapi. Wakasema umelala tangu Ijumaa. Nikauliza sasa nifanyeje. Wakasema nimuone kijana mwenye kompyuta chini ya mti, yeye anajua kuuamsha. Zamani palikuwa na karani, muhuri na kikombe cha chai. Ukimsalimia vizuri karani, unaondoka na karatasi. Sasa mashine imekaa mahali pa karani, na kijana amekaa mahali pa mashine. Hayo ndiyo maendeleo.

Lakini nisilalamike sana, maana mlangoni nilipata wazo. Mlinzi alikuwa anachukua simu za watu na kuzitia kwenye kasha. Watu wazima, wengine na tai, wanazitoa kama watoto wanaonyang'anywa pipi. Serikali ikikufundisha kitu, kichukue. Haifundishi mara nyingi.

Callixte bila simu ni nani? Ni mtu mwenye suti tu!

Mchana nimelikusanya baraza tena. Nikawaeleza, kwa sauti yangu ya chini ile, kwamba kwa babu yangu mgeni wa posa aliacha mkuki wake langoni. Hakuna aliyeingia na silaha kwenye ua wa watu. Na mkuki wa leo ni nini, nikauliza. Nikawaacha wajibu wenyewe. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Yule shangazi akafuta machozi tena. Imepita! Simu zote langoni, kwenye chombo kimoja. Callixte alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mbegu ya embe.

Joëlla peke yake aliuliza swali. Na kaka yake Maxime, aliyeko Kanada, aliyeomba kutazama kwa simu? Nikamwambia Maxime atasimuliwa, kama sisi tulivyosimuliwa mambo yote, na hatukufa. Akaniambia, "Sawa, marume," ndivyo anavyoniita mjomba wake. Akaenda kuosha vyombo. Hakuimba kama siku zote.

Jioni nimeenda mtaa wa Asiatique kwa rafiki yangu Majid kununua kikapu. Duka la baba yake lilikuwa na vitambaa hadi darini na radio-kaseti zimepangwa dirishani, zote zinaimba kituo kimoja. Ulikuwa ukipita njia ile unasikia wimbo mzima bila kusimama. Sasa Majid anauza kava za simu. Nyeusi, zote sawa, kontena zima. Ameniambia, "Mi niliuza radio, Salva. Mutu alikuwa ananunua radio moja, anazeeka nayo. Leo niko nauza nguo za simu."

Kikapu hakuna. Nimechukua beseni la plastiki, jekundu, kubwa la kuogeshea mtoto. Heshima ya mila haiko kwenye chombo.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango wenyewe ni huu. Callixte atasimama mikono mitupu. Atakohoa. Atatazama angani. Na hapo mshauri atainuka taratibu, bila kiburi, na kuokoa familia.

Asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba kufanya mazoezi mbele ya mbuzi. Nikaanza salamu. Nikasema, "Wageni wetu..."

Basi.

Hakuna kilichofuata. Nikaanza tena. Najua kuna mahali pa kusifia njia waliyopita. Najua kuna mahali pa kujifanya hatujui walichokuja kutafuta, wao wanasema wamepotelewa na ndama, sisi tunawaonyesha zizi. Najua utani unaingia wapi. Maneno yenyewe hayapo! Yalikuwa hapa. Yalikaa kichwani mwangu kama wapangaji wa zamani, nami sikuwa nawahesabu, na leo nimefungua mlango nakuta chumba kitupu. Mbuzi alinitazama, kisha akaendelea kula.

Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa.

Halafu nikakumbuka kaseti. Posa ya Daphrose ilirekodiwa, na aliyesimama kuwajibu wageni siku ile ni mimi. Kwa miaka tuliipiga kila Krismasi, Maxime na Joëlla wakiwa wadogo wamelala tumbo kwenye mkeka wanaigiza kikohozi changu. Nimeitafuta hadi nikaipata ndani ya bati la biskuti. Mbio hadi kwa Majid, ambaye bado ana radio-kaseti moja nyuma ya pazia. Haiuzi. Anasema ni mkewe wa kwanza.

Akatia kaseti. Kelele za ua. Mtu anaomba mrija. Kisha Daphrose anacheka! Kicheko chake kile cha kukatika katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko kanisani. Majid aliinamisha kichwa. Mimi nikashika kaunta. Halafu nikajisikia mwenyewe, kijana, nikisafisha koo. "Wageni wetu," nikasema ndani ya radio. Halafu radio ikaila kaseti.

Tuliivuta ile tepu pamoja, imejikunja kama tambi. Majid akajitahidi kwa penseli. Haikupona. Baadaye aliniambia, polepole, kwamba anajiuliza jambo: siku ile ya Daphrose, kama mtu angechukua ile radio na kuiweka kwenye beseni langoni, leo tungemsikia nani akicheka? Nikamjibu kwamba radio si simu. Akasema ndiyo, ni kweli, radio si simu. Majid ana tabia ya kukubaliana nawe kwa namna inayokera.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefanya jambo. Si baya. Nitaeleza.

Léocadie alienda kwaya akaacha simu mezani. Nikaifunika kwanza kwa kitambaa, isinione usoni. Nikabonyeza namba ya ile huduma ya Tambuka. Opereta mzima, mtu aliyewahi kuunganisha Bujumbura na Brussels wakati wa radi, nabonyeza kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa!

Sauti ya mwanamke ikaniambia: kwa hotuba ya wanaoomba, bonyeza moja, kwa hotuba ya wanaojibu, bonyeza mbili. Sisi ndio tunaojibu. Lakini kubonyeza mbili ni kukubali kwamba kuna mtu ametangulia. Sikuwahi kuwa wa pili. Nikabonyeza moja. Salamu ni salamu. Sehemu ya kuomba nitaigeuza nikiwa njiani.

Hotuba ikaja. Imeanza hivi: Ziwa halina miguu, lakini kila asubuhi linafika kwenye milima kusalimia. Nikasoma mara ya kwanza kwa dharau. Mara ya pili kwa dharau kidogo. Mara ya tatu nikaanza kuikariri. Nzuri, hiyo nayo ni dhambi yake.

Sijatumia mashine. Nimemhoji adui. Kuna tofauti.

Léocadie aliporudi akakuta salio la simu limekwisha. Nikamwambia hayo ndiyo makampuni, yanakula watu mchana kweupe. Amekasirika sana na Tambuka. Angalau nimemfungua macho.

Ijumaa, 8 Agosti

Umeme hakuna Kanyosha nzima tangu asubuhi. Kwa mara ya kwanza maishani nimewashukuru wenye umeme. Callixte alitaka kuchapisha hotuba yake kwenye karatasi, amezunguka Kanyosha yote na suti, amerudi na jasho. Nilimpa maji. Nilimpa pia pole. Nilikuwa mwema kupindukia.

Nimeikariri yote. Ziwa halina miguu. Mbuzi sasa anaijua pia.

Jioni Joëlla alikaa nami kwenye ngazi. Akaniuliza kama nimeumia kwa sababu ya Callixte. Nikasema hapana. Akasema angependa ningekuwa mimi. Nikaangalia pembeni kwa sababu kulikuwa na vumbi. Nilitaka kumwambia asubiri kesho aone. Sikusema. Msemaji mzuri hatangulizi maneno yake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Umeme ulirudi usiku, na hema la zambarau likafika alfajiri. Mbele yake, juu ya mahali pa kusimama msemaji, wamefunga bango: TAMBUKA, ONGEA BILA KIKOMO. Nilitaka lishushwe. Wakasema bango ndilo linaloshikilia hema.

Wageni wakaja kutoka Ruziba, ukoo wa Gaël, mchumba wa Joëlla, kijana mpole mwenye masikio makubwa. Langoni Léocadie na beseni. Walinung'unika, lakini nilipowaeleza habari ya mkuki, wazee wao wakatoa simu kwa fahari kabisa. Majid akaja na mkewe, akaweka yake kwa vidole viwili. Joëlla alikuwa ameiegemeza simu yake kwenye chungu cha maua, imeelekezwa kwenye viti, kwa ajili ya Maxime. Nilimtazama. Akaiangalia simu, akaniangalia mimi. Akaenda mwenyewe kuitia kwenye beseni.

Kila kitu kilikwenda kama saa. Bia ikatolewa. Msemaji wa wageni akasimama, mzee Mathias, mwalimu mstaafu, mtu wa enzi zangu. Nikafurahi. Nikasema moyoni, sasa tutasikia Kirundi cha kweli. Akasafisha koo vizuri, kwa utaratibu wa zamani. Akasema:

"Ziwa halina miguu, lakini kila asubuhi linafika kwenye milima kusalimia."

Nilihisi kiti kinazama.

Yote! Neno kwa neno! Njia, milima, ndama aliyepotea, hadi utani. Amekariri, mzee wa watu, kama mimi. Kumbe kampuni imetunga hotuba moja na kuuzia mji mzima! Hata shati la mtumba halina pacha, lakini wao wanakuuzia hotuba ambayo jirani yako ameshaivaa. Na lile beseni, ambalo Léocadie alikuwa amelisogeza nyuma yangu, likatetemeka juu ya sementi, grrr, grrr. Léocadie akaninong'oneza kwamba ni Maxime anapiga.

Makofi. Sasa zamu yetu. Callixte akasimama, akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa simu ya pili! Nikaruka kabla sijafikiri. Mkuki uani! Nikapiga kelele hivyo hivyo. Wazee wa Ruziba wakaguna. Léocadie akaleta beseni hadi puani pake. Callixte akaidondosha simu humo, akanigeukia, akasema mbele ya watu wote, "Basi sema we, shemeji. Si ndicho ulitaka?"

Ndiyo. Ndicho nilichotaka.

Nikasimama chini ya ONGEA BILA KIKOMO. Nikashika mikro. Nilikuwa na hotuba moja tu duniani na ilikuwa imeshasemwa na mtu mwingine, dakika hii hii, vizuri kuliko ambavyo ningeisema. Watu wakanisubiri. Mtu akakohoa. Halafu umeme ukakatika, mikro ikafa mkononi mwangu, na muziki wa jirani nao ukafa, na Kanyosha yote ikanyamaza.

Nikaiweka mikro chini. Nikaanza kusema.

Sikumbuki vizuri. Nadhani niliwaambia kwamba Daphrose alikuwa anapiga simu kazini kwangu bila shida yoyote, ili anisikie tu nikisema "Subirini kidogo," kisha anacheka na kukata. Kwamba Joëlla alipoletwa hapa alikataa kulala mpaka nimuunganishe na mama yake, nami nilishika simu iliyokatika nikamwambia laini ina watu wengi, tujaribu kesho. Kwamba alikua akaacha kuuliza, akaanza kuimba akiosha vyombo, na toka hapo sijawahi kuangalia saa wala kusikiliza radio kujua kama siku ni nzuri, nasikiliza jikoni. Nikawaambia kwamba sina ndama, sina ziwa, sina milima. Nina hiyo sauti tu ya jikoni, na wao wamekuja kuichukua, na naomba wamuweke kwenye nyumba ambayo mtu atanyamaza kidogo ili amsikie.

Kitu kama hicho. Kulikuwa na mengine. Nilipomaliza, mzee Mathias alikuwa amevua kofia. Callixte alikuwa analia kwa sauti, bila aibu, akanikumbatia na kuniloweshea shati. Joëlla alinishika mkono akauweka shavuni kwake, kama alivyofanya alipokuwa mdogo.

Ningependa siku iishie hapo. Haikuishia. Wakati wa kuondoka watu walilijia beseni. Simu zote nyeusi! Zote na kava za Majid! Zimekaa kwenye jua kali na nusu yake zimezima. Ruziba wakachukua za Kanyosha, Kanyosha wakachukua za Ruziba. Padri aliondoka na simu ya muuza bia. Callixte alikuwa anatafuta mbili. Giza limeingia na bado watu wanakuja langoni kubadilishana. Majid akanipigia saluti kutoka mbali. Amesema wiki ijayo ataagiza kava za rangi.

Jumapili, 10 Agosti

Joëlla amekuja baada ya misa. Alikaa karibu yangu, ametoa simu yake, ameipata kwa dada wa Gaël. Akasema Maxime alipiga jana mchana kutwa. Amevaa tai huko Kanada, amekaa peke yake chumbani na soda, anasubiri picha. Hakuona kitu. Naye Joëlla ameuliza kila mtu kama kuna aliyerekodi maneno yangu. Hakuna. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja.

Akasema, "Marume, rudilia kidogo. Ka kidogo tu. Nimurekodie Maxime." Na yeye pia angependa kubaki nayo, akasema, kwa siku ambazo mimi sitakuwepo.

Akaniwekea simu mbele ya mdomo. Nikafungua mdomo. Nilitafuta. Niligusa kicheko cha Daphrose, kikateleza. Niligusa jikoni, ikawa jikoni tu. Joëlla alisubiri.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimekaa kichwani imara, hakina hata vumbi. Nikasafisha koo.

"Ziwa halina miguu," nikasema, "lakini kila asubuhi linafika kwenye milima kusalimia."

Nikaisema yote. Joëlla aliniangalia. Alikuwepo jana, alimsikia mzee Mathias. Hakunikatiza. Nilipomaliza akabonyeza, ikaenda Kanada.

Maxime akapiga simu palepale. Analia! Anasema ni kama kaseti ya Mama. Sauti ile ile, kikohozi kile kile. Anasema siku hizi hakuna tena watu wanaoweza kutunga maneno kama hayo kutoka moyoni, wote wanategemea mashine. Nikamwambia ni kweli, mwanangu, mimi ndiye wa mwisho. Joëlla akainuka akaenda jikoni. Baadaye kidogo nikasikia anaimba.

Basi nimetafakari jioni yote, na makosa nimeyaona wazi. Beseni lilikuwa dogo. Harusi ni mwezi ujao, nitamwambia Majid anitafutie pipa, lenye kifuniko. Wakaguliwe makoti pia, hasa Callixte. Na msemaji wa kweli hakubali kushtukizwa mara mbili. Léocadie yuko kwaya. Nimechukua simu yake, nimeifunika kwa kitambaa. Kumbe wana hotuba za harusi pia! Yule mwanamke ameniuliza: kwa upande wa bwana harusi, moja, kwa upande wa bibi harusi, mbili.

Nimebonyeza moja.